Pazia la Darubini

Macho hayana pazia, walisema wahenga, na hakuna aliyewabishia. Fundi cherehani mmoja aliwabishia kwa uzi na mkasi. Aliyashonea macho pazia, nalo likautosha mtaa mzima.

Fundi huyu alirithi vitu viwili kwa marehemu baba yake: chumba cha kazi kinachotazama barabara, na darubini. Baba alikuwa fundi redio. Mchana alichomelea nyaya. Jua likishazama, alitoa darubini nje ya mlango na kuita wapita njia.

"Njooni mtazame. Mbingu hazina kiingilio."

Muuza mkaa alitazama. Mwenye nyumba alitazama, akasahau kudai kodi. Mwezi haukumpendelea mtu.

Fundi bado aliukumbuka mkono wa baba ukimziba jicho moja. Mkono ule ulinuka lehemu. Kwa jicho la pili aliiona Zohali, sayari yenye pete.

"Kifungo," alisema. "Baba, kifungo kimevaa pete."

Baba alicheka mpaka akaketi chini. Miaka ilipita, Fundi akajifungua binti, na babu akampa mjukuu lakabu ile ile: Kifungo.

Sasa babu hayupo. Darubini ililala juu ya kabati, imefunikwa shuka.

Asubuhi moja Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, aliingia na suruali mkononi.

"Hii suruali imerudi nyuma," alisema.

"Suruali iko palepale, Baba Mdogo. Tumbo ndilo limesonga mbele."

"Acha utani, wewe. Umesikia redioni? Jumamosi jua litapatwa. Mwezi utapita mbele yake, ulimege kama mkate. Nimeshawatangazia watu kwamba darubini ya kaka itatoka tena."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Itatoka tena. Alipanda kiti, akaiteremsha. Ndani ya sanduku la vifaa vyake alikuta kioo kidogo cheusi. Pete iliyokizunguka ilichorwa jua, nayo ilifungwa pale mtu anapoweka jicho.

"Kumbe kila kitu kimo," alisema. "Kifungo atatazama wa kwanza."

Jioni hiyo jirani yao, nesi wa macho, alikuja kuchukua gauni. Zamani yeye na marehemu walitazama nyota pamoja. Alipokiona kile kioo, gauni alilisahau.

"Hiki mnataka kukifanyia nini?"

"Kutazamia jua. Si kimechorwa jua?"

"Hata chupa ya sumu huchorwa fuvu. Baba yako aliwahi kukitumia?"

Fundi alifikiri. Siku zote alizokumbuka zilikuwa na mwezi na nyota. "Hapana," alisema.

"Hakukitumia, kwa sababu alikuwa na akili. Kesho nitakuonyesha."

Kesho yake, jua likiwa juu, Nesi alielekeza darubini huku amelipa jua mgongo. Alitazama kivuli cha darubini tu. Kivuli kilipokuwa kidogo kabisa, alishika kipande cha kitambaa cheusi mahali pa jicho. Moshi ukapanda.

"Kinanuka kama pasi Mama alipoisahau," Kifungo alisema.

"Sasa fikiria kile ni jicho lako," Nesi alimwambia. "Darubini hukusanya mwanga mwingi na kuuminya mahali padogo. Kioo hiki kinakaa pale penye moto. Kikishika joto, hupasuka ghafla, na jicho lipo nyuma yake."

"Mtu si atasikia maumivu, aruke?" Fundi aliuliza.

"Hasikii. Kule nyuma ya jicho hakuna pa kuuma. Huja kwangu siku ya pili. Ananiambia kila uso anaoutazama una doa jeusi katikati, hata uso wa mwanawe. Simpi dawa, maana dawa hakuna."

"Na nikivaa miwani ya jua?"

"Hiyo ni ya kwendea harusini."

Fundi aliinamisha kichwa. Jicho la kwanza kuungua lingekuwa la mwanawe.

"Basi tuiache?"

"Nani amesema tuiache? Chama chetu cha watazama nyota kina utando maalumu wa jua. Huo hufunika mdomo wa mbele, jua lichujwe kabla halijaingia. Shida ni fremu yake. Imevunjika, upepo utaung'oa."

"Nipe vipimo," Fundi alisema.

Nesi aliuleta utando, wakakaa na kazi ile mpaka usiku. Kwa mazoea Fundi aliunyoosha ule utando, akachukua pini abane pembe. Nesi akamdaka mkono.

"Hapana, dada. Kwako tundu la pini si kitu. Kwa jua, hilo ni dirisha."

Basi utando haukuguswa na sindano. Waliubana kati ya pete mbili za kadi ngumu, kisha Fundi akazishonea pete hizo kofia ya turubai, yenye lastiki na kamba ya kukaza. Waliumulika utando kwa taa kutafuta tundu, wasilione. Walitikisa darubini. Kofia ilishika kama kupe. Hata kidarubini cha pembeni cha kulengea, ambacho hakikuwa na utando, Nesi alikifungua akakiweka mfukoni.

"Na hicho kioo ukitupe," alisema.

Fundi hakukitupa. Kilikuwa cha baba. Alikificha katika droo ya vifungo.

Jumamosi watu walipanga foleni mpaka kwa kinyozi. Kifungo alipanda kiti, na mama akamziba jicho moja kwa kiganja.

"Limemegwa, Mama. Aliyelimega ana meno makubwa."

Muuza mkaa, sasa mzee, alitazama kwa muda mrefu. "Marehemu angekuwepo," alisema, kisha akampisha mwenzake.

Baba Mdogo, aliyesimamia foleni, hakuridhika. "Mnaona kisahani tu," aliwaambia watu. "Mimi nalijua jua."

"Unalijua jina," Nesi alimjibu, akaenda kumsaidia bibi mmoja kupanda ngazi za baraza.

Fundi alimpeleka Kifungo kando kumfunga kamba za viatu. Aliporudi, aliiona kofia ya turubai iko chini. Baba Mdogo alikuwa amepekua droo. Kioo cheusi kilikuwa pale pa jicho, naye anainama, jicho moja amelifumba.

Fundi hakuita. Alimsukuma kwa mikono miwili. Baba Mdogo alikaa chini kwa kishindo, na suruali yake ikachanika mshono wa nyuma. Foleni nzima ikageuka.

Ndipo wote wakasikia: tak. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Nesi alifika mbio, akaivisha darubini kofia, akavuta kamba. Alipokipoza kioo na kukichomoa, alimwekea Fundi kiganjani. Fundi alikitazama kitu cha baba yake, kisha akakitupa kwenye pipa la taka. Foleni ikasogea.

Baba Mdogo aliinuka, mkono mmoja ukishikilia nyuma ya suruali. Macho yake yote mawili yalimwona Fundi vizuri.

"Umenisukuma mbele za watu," alisema. "Mimi, baba yako. Niombe radhi."

"Suruali lete, nitaishona bure," Fundi alisema. "Radhi siombi."