Anayeshika Mguu

Jumamosi Makoroboi hapapitiki. Nguo zimetandazwa chini, wachuuzi wanaimba bei, na mwenye haraka hujikuta anapakwa jasho la mwenzake. Kokushubira, muuzaji wa duka la dawa pale Mirongo, alikuwa anajaribu viatu vya kijani vinavyofanana na gauni lake la kitenge alipouona mgongo wa Chenge. Mpenzi wake alisimama kwa muuza khanga, shati la buluu limenyooka kwa pasi, anapapasa doti nyekundu kama mtu anayemjua atakayeivaa.

Koku akampigia simu.

"Uko wapi, baba?"

"Misungwi, mpenzi. Nimekuja kumwona Nkwabi."

"Misungwi kuna kelele hivyo?"

"Leo gulio, mama."

"Haya. Msalimie mgonjwa."

Akamwona anatia simu mfukoni na kupokea khanga yake.

Nkwabi ni rafiki wa Chenge tangu utoto. Alikuwa akiwapandisha watoto farasi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Siku alipoongoza msafara wa harusi, matarumbeta yalilipuka nyuma yake, farasi akaruka, Nkwabi akatua juu ya mawe. Paja lilivunjika vibaya. Madaktari wakalitia chuma, kisha wakamruhusu arudi kwao Misungwi akafanye mazoezi.

Tangu hapo Chenge alibadilika. Hakumshika Koku hata mkono. Wakikaa Capri Point kutazama ziwa, aliacha nafasi ya mtu mzima katikati ya benchi. Akiulizwa, husema amechoka. Uchovu gani huo unaochagua mikono? Na mashati yake yalinuka samli.

Chenge alipodandia pikipiki, Koku naye akaita yake.

"Mfuate yule wa shati la buluu. Usimpite, usimpoteze."

"Dada, ni mume?"

"Endesha!"

"Basi ni mume."

Pikipiki ya mbele haikushika njia ya Misungwi. Ilipita Kisesa, ikapanda Bujora, ikasimama kwenye boma lenye ua wa minyaa. Koku alisubiri kidogo, kisha akasogea na kutega sikio.

"Vumilia, tunakaribia kumaliza," ilikuwa sauti ya Chenge.

"Mshike vizuri basi!" ikadakia sauti ya mwanamke.

Koku aliingia na pochi ameishika kama rungu.

Nkwabi alikuwa amelala mkekani, kovu refu pajani. Chenge amemshika mguu kwa mikono miwili. Ajuza mmoja, Bibi Mhoja, khanga nyekundu mpya begani, alikuwa anaukanda kwa samli.

"Shikamoo, bibi," mdomo wa Koku uliitangulia hasira yake.

"Marahaba, mjukuu. Usimguse huyo wa shati la buluu!"

"Simgusi! Chenge, Misungwi imehamia huku lini?"

Chenge akainama. "Ulisema dukani, mbele za watu, kwamba anayetoka hospitali akaenda kwa mkandaji ni mjinga. Ningekuambiaje habari ya mwiko?"

"Mwiko gani?"

"Anayeshika mguu hashiki mwanamke," alisema Bibi Mhoja, "mpaka mguu ukanyage chini. Akivunja, mfupa unarudi nyuma."

"Binamu yangu alijitolea kabla yake, shemeji," Nkwabi alisema. "Hakumaliza hata wiki, mshenzi yule."

"Na daktari anajua?"

"Kasema nikandwe na nikunje goti. Bibi penye chuma hapagusi."

Koku akamgeukia Chenge. "Na wewe unauamini huo mwiko?"

"Sijui. Lakini yeye anauamini. Nikiuvunja ataogopa, na akiogopa hatasimama."

Koku alikuwa amejiandaa kwa mwanamke, hakujiandaa kwa jibu hilo. Akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili.

"Sijakusamehe. Umenidanganya nikiwa nakutazama."

"Nimekosa."

"Huu mguu mwingine anaushika nani?"

"Hakuna mtu."

Akaushika. Bibi Mhoja akacheka kwa fizi. "Mhaya msomi! Basi mwiko ni wako pia."

"Koku," Chenge alisema, macho kwenye goti la rafiki yake, "niwatume wazee waende Bukoba kwa baba yako?"

"Unaniposa juu ya mguu wa mtu?"

"Ndipo ilipo mikono yangu."

"Watume. Lakini ukisema wamefika Bukoba, nitampigia baba athibitishe."

"Bibi, niletee fimbo," Nkwabi akasema. "Hawa wananisubiri mimi."

Wakamwinua. Mkono wa Chenge ukapita mgongoni mwake kutoka kulia, wa Koku kutoka kushoto, vidole vyao vikakaribiana bila kugusana. Nkwabi akauma meno, mguu ukatetemeka, ukatafuta ardhi.

"Umekanyaga," akasema Bibi Mhoja. "Mwiko umekwisha."

Wakatazamana juu ya bega la Nkwabi. Hakuna aliyeusogeza mkono wake, maana mmoja wao angeachia, mgonjwa angeanguka.