Saini ya Mwalimu

Saini ilikuwa nzuri mno. Hilo ndilo lililomkera fundi cherehani aliposimama kwenye kaunta ya duka la dawa na kugeuziwa daftari la wapokeaji. Jina la mama yake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mnyoofu, wa mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Lakini mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka jana. Mkono wake wa kulia haukuweza kushika hata kijiko.

"Dawa za miezi mitatu tumepeleka," mfamasia alisema. "Na kila mara kapokea mwenyewe."

"Mwenyewe yupi? Mama yangu hatoki kitandani!"

"Dada, mimi nakuonyesha kilichoandikwa."

Aliondoka pale amefura kwa hasira. Miezi mitatu dada wa kazi alikuwa akimwambia kwenye simu kwamba dawa hazijafika, na miezi mitatu yeye alikuwa akiwagombeza watu wa duka. Alipoingia kwa mama yake, alimkuta miguu imevimba, pumzi inakatika, na kabati la dawa tupu.

"Unazipeleka wapi?" alimfokea dada wa kazi.

"Haki ya Mungu sijazigusa." Msichana alishusha sauti, akatupa jicho kwenye korido. "Mlango ukigongwa, kabla sijafika kuna mtu ananitangulia. Nasikia ndala zake. Nikifika sebuleni simkuti mtu, nakuta harufu tu, kama ya chuma kilicholowa."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

"Fungasha vitu vyako."

Kutoka kitandani, Mwalimu alihangaika na mdomo wake uliopinda. "Si... yeye," alisema. Fundi alimsikia. Ila hasira ilikuwa imeshamjaa hadi kooni, na msichana alitoka getini analia.

Dawa mpya ziliahidiwa kufika kesho yake saa saba mchana. Baada ya kuwapeleka wanawe shuleni, fundi aliweka kiti kwenye korido, mahali alipoweza kuona kitanda cha mama yake upande mmoja na mlango wa mbele upande wa pili. Jua lilikuwa kali, na kwa jirani redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Hakuna mwizi atakayenipita hapa, alijisemea.

Mlango uligongwa.

Kabla hajainuka, alisikia ndala zikiburutwa kutoka jikoni, jikoni ambako yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuosha vyombo na kufunga mlango wa nyuma kwa komeo, zikaja taratibu, kwa mwendo wa mtu aliye kwake, na harufu ya chuma kilicholowa ikatangulia mbele yake, ikamjaa puani mpaka ulimi ukahisi kutu, kisha mwanamke mwenye gauni la kijani la mama yake akampita, karibu kabisa, pindo likamgusa goti, na pindo lile lilikuwa baridi. Fundi aligeuka kutazama kitandani. Mwalimu alikuwapo, macho yamemtoka.

"Leo umependeza, Mwalimu," mleta dawa alisema kwa furaha pale mlangoni.

"Asante, baba. Nipe kalamu." Ilikuwa sauti ya mama yake, ile ya kabla ya kiharusi.

Mlango ulifungwa. Kile kitu kiligeuka, kikararua bahasha na kuvimimina vidonge mdomoni, kikavitafuna vikavu, kama mtu anayekula karanga. Kilikuwa na uso wa mama yake, lakini mashavu yamejaa, ngozi inang'aa.

"Umekonda, mwanangu," kilisema kwa upole. "Umekula?"

Maisha yake yote Mwalimu hakuwahi kumuuliza hivyo. Na hapo, badala ya kukimbia, fundi alipandwa na ghadhabu mpaka macho yakaingia giza. Jini hili liibe dawa, sawa. Liibe sura. Lakini na huo upole alioutamani tangu utotoni, aje aonjeshwe na jini!

"Lete hizo!" Alikirukia, akashika bahasha. Mkono aliougusa ulikuwa mzito kama mfuko wa saruji.

"Kila kidonge anachokikosa yeye, mimi napata hatua moja ya kuwa yeye," kilimnong'oneza. "Nimebakiza chache. Huyo kitandani amekupa nini? Niachie, nami nitakuwa mama kweli."

"Mama yangu ni yule pale! Mkali, mgomvi, na ni wangu! Achia!"

Ndipo sauti ikapasuka kutoka kitandani. Haikukwama wala haikupinda.

"Wewe! Nani kakuruhusu kuingia? Toka nje!"

Kile kitu kiliganda. Shingo ikainama, mabega yakashuka, kama mtoto aliyekamatwa anapiga kelele darasani. Kikaiachia bahasha. Kikatembea hadi mlangoni, kikaufungua, kikatoka juani, na fundi akaona kwamba hakina kivuli.

Alimmezesha mama yake vidonge vilivyobaki. Kisha akampigia dada wa kazi, akamwomba radhi, akalia.

"Nitarudi kwa ajili ya Mwalimu," msichana alisema. "Si kwa ajili yako."

Simu iliita mara tu fundi alipoikata. Alikuwa mfamasia, na safari hii alikuwa mchangamfu.

"Dada, nisamehe, jana nilikujibu vibaya. Kumbe mama kapona kabisa! Amepita hapa sasa hivi kwa miguu yake. Anataka dawa za mwezi ujao zije kwako, anasema anahamia kukaa na wajukuu."

"Mzuie!" fundi alipiga kelele. "Usimwache atoke hapo!"

"Ameshaondoka. Alikuwa na haraka, anawahi kuwachukua watoto shuleni."