Pindo la Gauni la Krismasi

Likizo ya Disemba, mwaka wa 1974, kazi ya Nerima ilikuwa kuwasha jiko na kuosha vikombe. Mama yake aliuza chai na mandazi pale Malaba, mahali malori yaliposubiri kuvuka kwenda Uganda. Kazi hiyo haikumchosha. Kilichomnyima usingizi ni gauni lake la Krismasi, ambalo lilikuwa bado kwa fundi Egwang.

Mama alikuwa amenunua kitambaa kingi cha maua mekundu. Kila mwaka fundi aliacha pindo pana kwa ndani, ili mtoto akirefuka pindo lifunguliwe na gauni livaliwe Krismasi nyingine. Nerima alizijua hesabu za pindo vizuri kuliko hesabu za shuleni.

Siku alipotumwa kulichukua, aliligeuza palepale barazani. Pindo lilikuwa jembamba mno!

"Mzee, kitambaa kilichobaki kiko wapi?"

Fundi alikohoa, akasukuma furushi chini ya cherehani kwa mguu. "Muulize mama yako," akasema, macho chini.

Nerima aliondoka amevimba kwa hasira. Amuulize mama kitu gani, wakati mwizi mwenyewe ameshindwa hata kumtazama usoni? Njiani alipitia kanisani, ambako akina mama walikuwa wakipamba madirisha kwa karatasi za rangi. Akamnong'oneza rafiki yake Nafula, na mnong'ono wake ulisikika mpaka mlangoni.

"Fundi Egwang anaiba vitambaa!"

"Ndiyo maana gauni langu lilinibana mwaka jana," akadakia mama mmoja, ambaye kila mtu alijua amenenepa.

Kesho yake Nerima aliona jambo lililomzidishia shaka. Auma, mjukuu mdogo wa jirani yao Benedetta, alikuwa akijaribu gauni uani. Lilikuwa la maua mekundu, yaleyale! Kumbe fundi anaiba na kuuza! Nerima akakimbia kwa mama yake, akamwaga yote kwa fahari.

Mama aliweka chini birika. "Umewaambia watu?"

"Kanisa zima."

"Ee Mungu wangu! Nerima, kitambaa nilikigawa mimi. Auma na nyanya yake walikimbia kutoka Uganda na nguo za mwilini tu. Nilimwomba fundi anyamaze, kwa sababu Benedetta anaona haya kusaidiwa. Mzee hakukwambia uniulize?"

Nerima alitamani ardhi immeze.

Walimkuta fundi Egwang ameketi, cherehani imefunikwa. Akina mama walikuwa wamechukua vitambaa vyao. Hii ndiyo kazi iliyomlipia watoto karo kila Januari.

"Nisamehe, mzee," Nerima akalia.

"Mimi nimekusamehe, mtoto wangu," fundi akasema. "Lakini wao hawakunisikia mimi. Walikusikia wewe."

Jioni hiyo, kwaya ilipomaliza mazoezi, Nerima alisimama mbele. "Fundi Egwang hakuiba. Nilisema jambo nisilolijua."

"Basi kitambaa kilienda wapi?" akauliza yule mama aliyebanwa.

Benedetta alikuwa ameketi nyuma, amempakata Auma. Neno moja tu lingemtoa Nerima aibuni. Alilimeza.

"Mama yangu anajua," akajibu. "Kosa ni langu."

Watu waliguna, wengine wakacheka. Asubuhi, hata hivyo, vitambaa vilianza kurudi barazani, kimoja baada ya kingine, na cherehani ikaunguruma mpaka mkesha wa Krismasi. Nerima alishinda hapo akishona vifungo.

Yule mama hakurudi. Nerima alipomlalamikia mama yake, mama alimshika bega.

"Huyo atamshuku fundi maisha yake yote, na hatuna la kufanya. Siku nyingine ukiwa na shaka juu ya mtu, uliza kwanza, mwanangu. Ungeniuliza, ningekujibu kabla chai haijachemka."