Mtungi wa Kwapani

Kila siku baada ya shule, kabla hajagusa hata daftari, Chiriku alikuwa na kazi yake gatini. Alimwagia maji baridi mapezi, miwani na jaketi za kuzamia za baba yake na baba yake mdogo, akazisugua mpaka chumvi ikatoka, kisha akazitundika ghalani. Jina lake la shule walilijua walimu tu. Gatini wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko.

Baba na Baba Mdogo walikuwa wapiga mbizi. Propela ya meli ikinaswa na wavu au kamba, wao ndio waliozama kwenda kuikata. Mama ndiye aliyeendesha kompresa, ile mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, maana nani atashindana kelele na kompresa?

Kila mpiga mbizi alibeba mitungi miwili. Mkubwa ulikaa mgongoni. Mdogo, usiozidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ulikuwa wa akiba: mkubwa ukiharibika huko chini, huo mdogo una hewa ya kukurudisha juu, basi. Namna ya kuubeba ndiyo iliyowagombanisha ndugu hawa kila leo. Baba aliuning'iniza kwapani, upande wa kushoto, kwa vikulabu viwili vya springi, kimoja kwenye pete ya begani na kingine kwenye pete ya kiunoni. Baba Mdogo aliufunga wake mgongoni kwa mikanda, ubavuni mwa ule mkubwa.

"Mtoto hubebwa mgongoni, kaka," Baba Mdogo alipenda kumchokoza. "Wewe wako unaubeba kwapani kama gazeti."

"Gazeti ninalisoma," Baba alijibu. "Wako ukivuja huko nyuma, utaambiwa na nani? Samaki?"

"Na wako ukinasa kwenye wavu?"

"Nitaunasua, si ninauona? Na wewe ukiishiwa hewa, nauchomoa nakupa. Wewe utanipa nini, kisogo?"

Makuli waliokuwa wakipakua mizigo waliangua kicheko, na mara nyingi ubishi uliishia hapo. Lakini Baba alikuwa mtu wa moto. Mkono wake ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. Chiriku alilijua hilo kwa shavu lake mwenyewe. Aliwahi kukwaruza kioo cha miwani ya kuzamia, akaenda kusema kwa hiari yake, na kofi alilopigwa lilimwacha na mlio sikioni siku nzima.

Ijumaa moja binti wa mchomeleaji, rafiki yake wa darasani, alimfuata ghalani. Walicheza, wakabishana, kama watoto wanavyobishana juu ya jambo lolote.

"Kikulabu kidogo hivyo hakiwezi kubeba mtu," alisema rafiki yake.

"Kinabeba mtungi wa chuma! Kitashindwa na mimi niliyekonda hivi?"

Basi Chiriku akakinasa kikulabu cha chini cha mtungi mdogo wa Baba kwenye pete ya mlango, akashika mkanda wake kwa mikono miwili, akaning'inia na kubembea. Alibembea mara ya kwanza, akacheka. Mara ya pili kikulabu kililia ka! Springi ikaruka, naye akaanguka kwa makalio.

"Kamwambie baba yako," rafiki yake alinong'ona.

"Unataka anichinje?"

Chiriku alikata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akakifunga mahali pa kikulabu, akakizungushia utepe mweusi. Ukitazama kwa haraka huoni tofauti. Alijiambia kuwa kesho asubuhi atamwambia Mama, na Mama atajua la kufanya.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Meli ya mizigo ilikuwa imenaswa na wavu kwenye propela, na nahodha wake alitembea gatini huku na huku akifoka kama ana ugomvi na kila mtu. Chiriku alimwendea Mama kwenye kompresa. Alikuwa ameshafungua kinywa pale Baba Mdogo alipoanza mzaha wake, safari hii mbele ya nahodha.

"Bwana Nahodha, kaka yangu akichelewa huko chini usishangae. Kwapa lake lina mizigo kuliko meli yako!"

Nahodha alicheka sana. Baba hakucheka. Alimpiga ndugu yake ngumi ya pua, damu ikaruka mpaka kwenye mapezi. Baba Mdogo naye hakuwa wa kupigwa akatulia. Alimrudishia ngumi ya mbavu, wakashikana, wakaanguka, wakagaragara kwenye saruji wakipigana viwiko na magoti kama watu wasiozaliwa tumbo moja. Makuli wanne walitoka jasho kuwatenganisha.

Baba Mdogo alitema damu. "Ipo siku huo mtungi wako utakuua," alipiga kelele, "na mimi sitalia!"

Watu wote waliyasikia maneno hayo.

Chiriku alikifunga kinywa chake. Kumwambia nani sasa? Alimtazama Baba akivaa jaketi kwa hasira. Siku zote kabla ya kuzama, Baba alishika mtungi mdogo na kuuvuta kwa nguvu, juu na chini, kuhakikisha vikulabu vimeshika. Siku hiyo hakuvuta chochote. Aliuma mpira wa kupumulia, akajitosa. Baba Mdogo, pua bado inavuja, alimfuata, kwa sababu kazi ni kazi.

Juu ya maji ya tope vilibaki viputo tu, fungu moja hapa na fungu jingine pale. Chiriku alisimama ukingoni akivihesabu kama uhai wao. Kwa muda vilipanda taratibu. Kisha fungu la upande wa propela lilitibuka ghafla, maji yakachemka, na fungu la pili likalikimbilia. Ubavuni mwa meli kukasikika mgongano wa chuma kwa chuma, ngo, ngo, ngo.

"Mama!" alipiga kelele.

Waliibuka pamoja. Baba alikuwa hana miwani, mdomo umechanika, damu inamtiririka kidevuni. Baba Mdogo alimshika chini ya kwapa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na kisu. Makuli waliwavuta juu. Baba alilala akikohoa maji, kisha akainuka kwa magoti, macho mekundu, akamnyooshea ndugu yake kidole.

"Amenikata mtungi! Nimekiona kisu shingoni mwangu!"

"Kaka, mtungi ulichomoka kiunoni! Ukapigapiga, ukakuvua miwani na mpira wa kupumulia, ukanasa kwenye wavu! Nilikata mkanda wa begani nikutoe. Nimekupa hewa yangu mwenyewe!"

"Ulitaka kuniua, ukaogopa katikati! Si ulisema mwenyewe hutalia?"

Mtungi wenyewe ulikuwa umezama kwenye tope, haukuwepo wa kuulizwa. Baba alimrukia ndugu yake. Alimpiga usoni, akampiga tena, na Baba Mdogo, ambaye nguvu zake zote zilikuwa zimeishia majini, alianguka chali. "Muuaji!" mtu mmoja alipaza sauti, na neno hilo lilikuwa kama kiberiti kwenye mafuta. Watu ambao jana walikunywa naye chai walianza kumpiga mateke ya mbavu. Jino lilidondoka. Kisu kilipigwa teke kikatumbukia majini. Baba alivua mkanda wake wa vyuma, ule mzito wa kumzamisha mpiga mbizi, akauinua juu kwa mikono miwili.

Chiriku aliyaona hayo yote. Aliujua ukweli peke yake gati zima. Akisema, mkanda ule utamgeukia yeye. Asiposema, baba yake atamuua ndugu yake kwa kosa la mpira wa tyubu. Alimtazama Baba Mdogo akijikunja kama mtoto, mikono kichwani, na hofu yake ikashindwa. Alipenya katikati ya miguu ya makuli, akajitupa juu yake.

"Ni mimi!"

Mkanda ulikuwa umeshaanza kushuka. Baba alijaribu kuupindisha, ukapita karibu na kichwa cha Chiriku, ukampiga mkononi. Mfupa ulilia. Chiriku alipiga ukelele uliowatoa ndege juu ya paa la ghala, lakini hakuondoka juu ya mwili wa baba yake mdogo.

"Ni mimi, Baba! Nilivunja kikulabu jana! Nikafunga mpira, nikazungushia utepe! Baba Mdogo hajui kitu!"

Makuli wawili watatu waliendelea kurusha mateke kama hawakusikia. Hapo Mama alifungua koki ya mtungi mkubwa uliojaa. Hewa ilitoka kwa mlio wa kupasua masikio, na kila mtu aliruka nyuma akidhani mtungi umelipuka. Alipoifunga koki, gati zima lilinyamaza. Mama alimwendea mumewe bila neno, akaishika pete ya kiunoni ya jaketi lake, akaiinua watu waone. Kipande cha mpira mweusi kilikuwa bado kimening'inia pale, na ncha yake ilikuwa imevutika na kuchanika, haikuguswa na kisu.

Baba alikitazama. Akamtazama ndugu yake, kisha mkono wa binti yake uliokuwa umepinda. Mkanda wa vyuma ulimponyoka. Alikaa chini kwenye saruji, akalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemcheka. Makuli waliokuwa na haraka ya mateke sasa walikuwa na haraka ya kuondoka.

Kwenye zahanati ya bandari Baba Mdogo alifungwa mbavu mbili zilizovunjika, na Chiriku akafungwa plasta ya mkono. Baba alisimama mlangoni, mdomo wake umeshonwa, hathubutu kuingia.

"Ingia, kaka," Baba Mdogo alisema kwa midomo iliyovimba. "Leo sina nguvu za kukupiga."

Baba aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Ulinipa hewa yako, nami nikakulipa ngumi. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitakusamehe. Lakini usiniharakishe, mbavu bado zinauma. Na mimi ule mzaha wangu mbele ya watu haukuwa na maana."

Baba alimgeukia Chiriku. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Chiriku aliinamisha uso. "Niliogopa mkono wako, Baba."

Mama ndiye aliyezungumza, na siku hiyo hapakuwa na kompresa ya kumzuia.

"Chiriku, hofu yako ninaielewa, lakini haiondoi kosa lako. Kuvunja kikulabu ni bahati mbaya ya mtoto. Kukificha ni jambo lingine. Kile si kikombe cha kabatini, ni pumzi ya mtu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na leo ilibaki kidogo sana tuwe na kilio. Ukimwogopa baba yako, niambie mimi. Ukiniogopa mimi, mwambie baba yako mdogo, mwalimu, yeyote. Lakini sema kabla mtu hajazama."

"Nisamehe, Mama. Nisameheni wote."

"Na wewe, baba Chiriku," Mama aliendelea, "mtoto alipokuambia ukweli wa kioo, ulimlipa kofi. Ulimfundisha kunyamaza, naye akafuzu. Kisha ukazama na hasira badala ya kukagua mtungi wako. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini wewe leo umeilipa kwa damu za wenzako." Baba alijua ameambiwa haki yake.

Mbavu ziliunga, na plasta ikatolewa. Ndugu wale walirudi kazini, na juu ya mtungi mdogo hakuna aliyeshinda: mmoja aliendelea kuubeba kwapani, mwingine mgongoni. Lakini sasa kila mmoja alikagua mtungi wa mwenzake kwa mkono, akasema kwa sauti alichokiona. Mkaguzi wa kwanza, kabla yao, alikuwa Chiriku.

Asubuhi moja meli nyingine ilisubiri, na nahodha wake alikuwa na haraka kama manahodha wote. Baba alikuwa ameshavaa. Chiriku alipitisha vidole juu ya mkanda wa kikulabu cha begani, akasita. Nyuzi zake zilikuwa zimeanza kukatika.

"Baba, mkanda wa juu unakatika."

Baba aliinua mkono. Chiriku, bila kujua, alijikinga uso kwa ule mkono wake uliovunjika. Baba aliliona hilo, na mkono wake ukabaki hewani. Uso ukamsawijika kwa aibu. Aliushusha polepole mpaka begani kwake mwenyewe, akafungua kikulabu, akauvua mtungi na kumkabidhi Mama.

"Hatuzami mpaka mkanda ubadilishwe," alimwambia nahodha.

"Kwa neno la mtoto?" nahodha alifoka.

"Kwa neno la kweli," Baba alisema. "Mkanda mbovu uliosemwa hauui mtu, bwana. Unaoua ni ule tulioufumbia mdomo, na mtoto hafumbi mdomo mpaka mtu mzima amtishe." Kisha alichuchumaa mbele ya Chiriku. "Ahsante, mwanangu. Nionyeshe mahali penyewe."

Chiriku aliushusha mkono wake usoni, akasogea karibu na baba yake, akamwonyesha.