Kanuni Aliyoizima Jelagat

Jumatatu asubuhi Jelagat alikuta vumbi jeupe kwenye kibodi yake. Akalifuta. Kufika saa nne lilikuwa limerudi, laini kama unga, likinuka mawe yaliyolowa.

Katika ofisi yao ndogo pale Lanet walikuwa watu sita, kila mmoja na mradi wake wa programu za JavaScript, na miradi yote ilikaguliwa kwa faili moja la kanuni za kunasa makosa, alilolitunga Khaemba, mwenzao wa saba. Kanuni ikizimwa humo, imezimwa kote. Mwezi Machi Jelagat, akikimbizana na tarehe ya mteja, alizima moja iliyokuwa ikimkatalia kazi. Mfumo wa mteja ukaanguka. Bosi, Kipkirui, hakuuliza nani aliizima. Faili lilikuwa la Khaemba, akamfukuza. Jelagat akaufyata ulimi.

Khaemba akaishia kubeba magunia ya udongo mweupe kwenye machimbo ya Kariandusi, hadi lori lilipomgonga akirudi nyumbani, mwili wote ukiwa bado umejaa vumbi. Mazishini mjane wake, Nangila, alimkumbatia Jelagat. "Asante mum, wewe ndiye ulikuwa rafiki yake."

Saa sita ya Jumatatu hiyo Jelagat akasikia kibodi ikigongwa kwenye meza ya Khaemba.

"Adongo," alimnong'oneza jirani yake, "unaskia?"

"Naskia. Na hakuna mtu hapo."

Vidole visivyoonekana viligonga, vikagonga, haraka kama Khaemba alivyozoea, na kwenye skrini ya Jelagat ile kanuni aliyoizima ikajitokeza kwa maandishi mekundu, akaifuta ikarudi, akazima mashine ikajiwasha, hadi akasimama akilia mbele ya wote.

"Boss, ni mimi niliizima. Khaemba hakukosea. Wacha nimwambie Nangila."

Kipkirui akafunga mlango polepole. "Jelagat, huyo ameshazikwa. Ukisema, client anatuhama. Tunyamaze tu."

Adongo akatazama sakafu. "Boss anasema ukweli, Jela. Wacha ikae hivyo."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Na Jelagat, Mungu amsamehe, akaona nafuu, akakubali pia.

Kibodi ikanyamaza. Kisha skrini zote sita zikawa nyekundu kwa pamoja, kila moja na mstari mmoja: Khaemba hakukosea. Chini yake, jina kamili la aliyeketi hapo, na neno: anajua.

Adongo alisukuma kiti nyuma.

"Jela," akanong'ona, "mbona umetuambia?"