Jumamosi Iliyoandikwa Kabla Haijafika

Kila siku akirudi kutoka shule, Karani alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani ya bibi yake na kufungua daftari la kijani. Karani halikuwa jina lake. Bibi ndiye aliyempachika, kwa sababu tangu ajue kuandika hakuna kitu kilichompita bila kuandikwa, hata vifungo vilivyopotea.

"Haya, Karani wangu," bibi alisema siku moja huku mguu wake ukiendelea kukanyaga pedeli. "Leo nashtakiwa kwa kosa gani?"

"Usingizi, bibi?"

"Nimelala kama gogo."

"Homa?"

"Labda ya kukungoja wewe."

Daftari lilitoka kwa watafiti wa hospitali kuu, la kujaza hali ya bibi kila siku. Walitaka kujua jambo moja: mwili unapopambana na ugonjwa, ukavimba na kuwaka ndani kwa ndani, ubongo hupata madhara gani, kuanzia utotoni hadi uzeeni? Kwa hiyo waliandikisha familia zenye watu wa rika mbalimbali. Katika nyumba hii walikuwa watatu: Karani mwenye miaka kumi na miwili, mama yake aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na bibi mwenye miaka sabini na mmoja, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa.

Kila mwezi alikuja mtafiti mmoja kijana. Aliwatoa damu kidogo, kisha akawasomea maneno kumi na kuwataka wayarudie bila kuangalia popote. Bibi alimwita Dada Sindano.

"Mimi na wewe sote twala kwa sindano," alimwambia, "ila yangu haimlizi mtu."

Bibi alikumbuka maneno manane, wakati mwingine tisa. Mama hakuwahi kuvuka saba. Basi kila siku ya kupimwa bibi alivimba kichwa mpaka jioni.

Halafu jino likaanza. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Karani aliona bibi anatafuna upande mmoja, anakunja uso akinywa chai ya moto. Alipoweka kalamu kwenye kisanduku cha maumivu, bibi alimzuia mkono.

"Usiandike hilo."

"Lakini linauma, bibi."

"Linauma, ndiyo. Ukiandika, Dada Sindano atanipeleka kwa wale watu wenye koleo. Nimezaa watoto wanne bila kupiga kelele, lakini koleo mdomoni, hapana. Andika 'hakuna'. Litapoa lenyewe."

Karani aliandika "hakuna". Kesho yake aliandika tena. Siku ya tatu hakuona sababu ya kuuliza, maana jibu alilijua. Wenzake walikuwa uwanjani wakicheza kamba, na sauti zao zilifika hadi dirishani. Ndipo alipogundua njia ya mkato: kila Jumapili alijaza kurasa za juma zima kwa mara moja. Usingizi, mzuri. Homa, hakuna. Maumivu, hakuna. Chakula, amekula chote. Mwandiko wake ulikuwa safi kiasi kwamba Dada Sindano aliomba ruhusa ya kuwaonyesha wenzake ofisini. "Hili ndilo daftari bora kuliko yote tuliyonayo," alisema. Karani alitabasamu, akalifunga daftari haraka.

Wiki ya tano tangu jino lianze, siku ya Jumatatu, mteja alirudisha shati. Bibi alikuwa ameshonea mkono mahali pa kola. Wote walicheka, na bibi akacheka pia, ila alicheka akiwa wa mwisho, kama mtu anayefuata wengine tu.

Jumanne aliweka bunda la uzi ndani ya sufuria na kumwagia maji. "Nachemsha," alisema. Alipoulizwa anachemsha nini, alianza kulia.

Jumatano Karani alirudi akavua viatu, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda. Bibi alimtazama kwa macho ya woga.

"Wewe mtoto ni wa nani? Nani amekufungulia mlango?"

"Bibi, ni mimi. Karani wako."

"Sina karani. Nenda kwenu, mama yako atakutafuta."

Karani alikimbilia uani, akajifunika uso kwa sketi yake ya shule. Mama alipofika, unga ukiwa bado kwenye nyusi zake, walimshika bibi huku na huku wakampeleka kituo cha afya. Tabibu alikuwa na foleni hadi nje ya lango. Alimpima joto, halikuwa kubwa. Alipotaka kumtazama mdomoni, bibi aliuma meno na kumsukuma. Tabibu akachukua daftari la kijani alilopewa na mama, akalipekua.

"Hana homa, hana maumivu, anakula. Wiki tano mfululizo," alisema kwa upole. "Mama, hii huenda ni akili inayoondoka kwa uzee. Nitawaandikia rufaa ya kliniki ya kumbukumbu. Nafasi iliyopo ni baada ya miezi mitatu."

Walipofika nyumbani mama aliingia bafuni, akafungua bomba lote, lakini maji hayakuweza kuficha kilio chake. Karani alisimama nje ya mlango huo akiwa na daftari kifuani. Angesema nini? Kwamba daftari bora kuliko yote halikuwa na ukweli hata ukurasa mmoja wa wiki hizo tano?

Alhamisi bibi hakula kitu. Aliketi ukingoni mwa kitanda akiuliza kila baada ya dakika chache kama treni imeshapita, ilhali mtaa ule haukuwahi kuwa na treni. Alasiri Dada Sindano akaja kwa zamu yake ya mwezi. Alisoma maneno kumi. Bibi hakurudia hata moja.

Dada Sindano aliinamisha kichwa.

"Sielewi," alimwambia mama. "Mtu haporomoki hivi kwa siku tatu bila chanzo. Damu ya mwezi uliopita ilionyesha dalili kwamba kuna mahali mwili unapigana. Lakini daftari linasema hana hata mkwaruzo, kwa hiyo tukadhani sampuli iliharibika njiani, tukaiweka kando. Itabidi niandike kwamba hali imebadilika bila sababu inayojulikana."

Aliweka kalamu kwenye karatasi.

"Dada, usiandike!" Karani alipiga kelele, mpaka mama akashtuka. "Daftari linadanganya."

Alilifungua, akageuza ukurasa wa leo, na wa kesho, akaonyesha ule uliofuata. Chakula, amekula chote. Maumivu, hakuna.

"Hii ni Jumamosi," alisema. "Jumamosi bado haijafika. Mimi nimeijaza tangu Jumapili. Wiki zote hizi nimejaza hivyo. Bibi ana jino linamuuma zaidi ya mwezi sasa, akaniambia nisiandike, nami sikuandika."

Dada Sindano hakumgombeza. Alichomoa tochi ndogo mfukoni.

"Upande gani?"

"Kushoto, chini."

Lakini bibi aliuma meno tena, akageukia ukutani. Mama alibembeleza, wapi. Dada Sindano alibembeleza, bibi akamwinulia ngumi. Wakati huo Karani aliona cherehani imesimama kimya pembeni, akakumbuka jambo. Alikata kipande cha uzi, akachukua sindano, akaketi kwenye kigoda mbele ya bibi.

"Bibi, nisaidie. Uzi wangu haupenyi."

Bibi alitazama uzi. Mkono wake ukaupokea kabla akili haijauliza kitu. Kama alivyofanya kwa miaka hamsini, aliachama ili kuulowesha uzi kwa ulimi. Mwanga wa tochi ukaingia. Fizi ya kushoto ilikuwa nyekundu na imevimba, na pembeni mwa gego palikuwa na jipu lenye usaha.

"Twendeni hospitali kuu," Dada Sindano alisema. "Sasa hivi."

Jipu lilitumbuliwa, gego likang'olewa, bibi akatundikiwa dripu ya dawa. Siku mbili zilipita bila mabadiliko. Karani aliketi pembeni mwa kitanda akihesabu matone, na kila bibi alipofumbua macho alimtazama kama mgeni tu. "Nimemuua bibi yangu," alimnong'oneza mama. Mama alimkumbatia.

Asubuhi ya siku ya nne bibi alimtazama Karani kwa muda mrefu.

"Karani," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mbona umekonda? Au nisipokuwepo nyumba hiyo haipiki?"

Karani aliangua kilio mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kuna msiba.

Siku ya kuruhusiwa, Dada Sindano alisoma maneno kumi. Bibi alirudia matano. "Mengine yako njiani," alisema.

"Huenda yakarudi yote, huenda yasirudi yote," Dada Sindano alijibu. Kisha akamgeukia Karani. "Watu hudhani ubongo umejifungia chumba chake juu, haujui yanayotokea chini. Sivyo. Jipu kwenye fizi likiachwa, mwili wote huingia vitani, na kwa mzee vita hivyo vinaweza kumvuruga akili ndani ya siku chache tu, hata bila homa kubwa. Ndiyo maana tunapiga mswaki, na ndiyo maana tunasema mapema panapouma, mtoto kwa mzee. Na uvimbe mdogo unaodumu miaka mingi unaufanyia nini ubongo? Hilo bado tunalichunguza. Tunategemea madaftari. Ukiandika uongo, hata kwa mwandiko mzuri, mgonjwa anakosa dawa na sisi tunapotea njia."

"Msimlaumu peke yake," bibi alisema. "Mtu mzima mimi nimeogopa koleo, nikamfundisha mtoto kuficha. Kosa ni letu wawili, na mimi ndiye mkubwa."

Jioni ile Karani alipiga mstari kwenye kurasa zote za uongo na kuandika juu ya kila moja, "Si kweli." Kisha akafungua ukurasa mpya, akauliza maswali yote, akangoja kila jibu.

"Maumivu?"

Bibi aligusa shavu lake, akasita.

"Yapo," alisema. "Kidogo. Andika."

Karani akaandika.