Treni za Marehemu na Boksi la Kiberenge

Nilimkuta sebuleni kwangu mchana kweupe... amebeba boksi la treni za marehemu mume wangu.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mtu aliyebeba jeneza upande wa mbele.

Ndugu zangu, nilikuwa nimetoka kazini, ninakofua mashuka ya hospitali, mgongo umekufa ganzi. Sikuwa na hamu ya kugombana hata na nzi. Lakini hasira haiombi ruhusa.

"Shemeji, unafanya nini na hizo?"

Akalikumbatia boksi kifuani.

Huyu tunamwita Kiberenge, kwa ufupi wake na kutotulia, kama kile kigari cha mafundi wa reli. Yeye na mume wangu waliugua ugonjwa mmoja: kukusanya treni ndogo za mfano. Tena si treni zozote, ni zile za zamani tu. Tramu za mjini ambazo reli zake ziling'olewa kabla hatujazaliwa, mabehewa ya abiria ya daraja la tatu yenye madirisha ya mbao. Watu wazima na ndevu zao, Jumapili nzima wanabishana kama paa la behewa fulani lilikuwa la kijivu au la kijani.

Na ole wako uguse. Mume wangu alisema mafuta ya vidole yanakula rangi. Miaka yote ya ndoa nilifagia chini ya ile rafu ya treni, lakini kuinua hata kibehewa kimoja, thubutu. Vumbi alipangusa mwenyewe kwa brashi ya kunyolea, kila asubuhi.

Nilikuwa namwambia, wewe ungeoa mke wa bati ungetulia zaidi. Anacheka tu.

Alipofariki, zile treni ndizo zilikuwa tegemeo langu. Tangu nipasuliwe, daktari alinikataza kuinua vizito, na kazi yangu ni kuinua mashuka yaliyolowa kutwa nzima. Nikapanga niziuze, ninunue cherehani, na mimi nifanye kazi nimekaa kama binadamu. Kwa hiyo kumwona Kiberenge na lile boksi, niliona cherehani yangu inaondoka, hata rafuni sikutazama.

Nikapiga yowe la mwizi.

Majirani wakajaa. Wakamvuta shati mpaka likachanika, wakamtoa nje, boksi likabaki sakafuni. Jirani mmoja alikuwa anarekodi. Mpaka jioni ile video ilikuwa kwenye kila kundi la mtaa, eti "mwizi wa mjane". Wengi wenu mliiona.

Yeye hakujitetea. Alisema tu, "Shemeji, hilo boksi watu wasilikanyage."

Kesho yake akaja mnunuzi wa vitu vya kale, mzee mmoja mpole wa miwani. Akainua tramu ya kwanza rafuni, akaipima kwa mkono, akatikisa kichwa. Plastiki. Ya pili, plastiki. Rafu nzima ya juu ilikuwa nakala za bei chee, zimepakwa rangi kwa ustadi.

Nikamwambia ni huyo huyo Kiberenge, kumbe alishazibadilisha zote siku nyingi. Niliyotukana hapo siwezi kuyaandika.

Mzee alikuwa ameshachuchumaa, anafungua lile boksi la Kiberenge. Akatoa tramu ileile, lakini ya bati, nzito, rangi imechakaa kwa uzee wake yenyewe. Akatoa nyingine. Kila iliyokuwa bandia rafuni, halisi yake ilikuwa mle ndani.

"Mama, huyu mwizi wako anaiba kwa kuleta?"

Nikajifunga khanga, nikatoka.

Nilimfuata Kiberenge kwake. Nilimkuta anashona lile shati. Ilibidi nimbembeleze sana ndipo akafunguka.

Pesa ya upasuaji wangu, niliyoambiwa imetolewa na ofisi ya mume wangu, haikutoka ofisini. Mume wangu aliuza treni zake, moja baada ya nyingine, akiweka nakala za plastiki mahali pake, na aliyenunua ni Kiberenge. Aliuza pikipiki yake azinunue zisiende kwa mgeni. Aliposikia nataka kuuza, akaamua kuzirudisha kimyakimya, kwa ufunguo aliopewa na marehemu.

"Sasa jana kwa nini hukusema, watu wanakudhalilisha?"

"Aliniapisha, shemeji. Hakutaka uishi ukijiona una deni kwake."

Nililia mpaka nikachoka kulia. Mume wangu alikuwa anapangusa plastiki kila asubuhi, taratibu, ili mimi nisijue.

Nilimwomba Kiberenge achukue hata nusu ya mauzo. Akakataa, akaniambia ninunue cherehani nzuri, nisije nikauziwa mbovu.

Nimeshanunua. Lakini mchana sishoni, nazunguka. Mlango kwa mlango, na mgongo huu huu, namwambia kila jirani kwamba yule mtu si mwizi. Mmoja ananielewa. Mwingine anaguna, "Mh, hakuna moshi bila moto," anarudisha mlango.

Nilichojifunza ni hiki: kumchafua mtu kunataka yowe moja tu, kumsafisha kunataka miguu. Na yangu imechoka.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Ninyi mlioisambaza ile video, nawaomba, sambazeni na hii.